Moto wa njano hauongezi joto, unaongeza masizi

Juni na Julai, upepo wa Dodoma unapopenya hadi chini ya mlango, wapo wanaoingiza jiko la mafuta ya taa chumbani na kupandisha tambi mpaka moto uwe mrefu, wa njano. Wanaamini mwali mkubwa ndio joto jingi. Sivyo.

Mwali wa njano ni dalili ya mafuta yasiyoungua vizuri. Ung'aavu wake unatokana na chembe za masizi zilizopata moto, na zile zisizoungua zikaisha ndizo unazozikuta chini ya sufuria na kwenye dari. Sehemu ya pesa uliyonunulia mafuta imeishia huko. Mwali mfupi wa bluu ndio unaoungua sawasawa.

Ukishusha tambi na njano ikabaki, zima jiko, liache lipoe, kisha zichomoe uzitazame. Mara nyingi ncha zimekuwa ngumu na nyeusi kama mkaa, moja ndefu, nyingine fupi. Zikate kwa mkasi zilingane. Sugua pia matundu ya bati yanayopitisha hewa kwa brashi kavu, maana vumbi letu la hapa huyaziba upesi sana.

Lakini hata likiwaka bluu, tafadhali usilale nalo. Chumba kikifungwa hewa hupungua, na jiko huzidi kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Kukosa moshi si usalama. Fungua dirisha kidogo likiwaka, lizime kabla ya kulala, ongeza blanketi.