Maana ya gongo lililochezewa katika besiboli ya vyuo vya Marekani

Katika besiboli, gongo ni fimbo nene ya kupigia mpira. Gongo lililochezewa ni lile lililotoka kiwandani likiwa halali, kisha mtu akalibadilisha ili mpira utoke kwa kasi zaidi. Kwa macho halina tofauti na mengine: alama ya idhini ipo na rangi ni ile ile. Mara nyingi kilichobadilika ni ukuta wake wa ndani.

Vyuo vya Marekani viliruhusu magongo ya alumini mwaka 1974, na baadaye yakaja ya nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Yote yana uwazi ndani. Mpira ukigonga gongo la mbao, unaobonyea ni mpira wenyewe, na nguvu nyingi hupotelea humo. Ukuta mwembamba wa gongo lenye uwazi nao hubonyea kidogo, kisha hurudi na kuusukuma mpira. Kadiri ukuta unavyolainika, ndivyo mpira unavyochomoka.

Ndiyo maana tangu 2011 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kinatumia kipimo cha BBCOR, kinachoonyesha gongo linaurudisha mpira kwa nguvu kiasi gani. Kikomo chake ni 0.50, karibu sawa na mbao. Maabara hulifyatulia gongo mpira kwa mzinga wa hewa, kisha hulinganisha kasi ya mpira unapokwenda na unaporudi. Zaidi ya hapo, urefu usizidi inchi 36, kipenyo kisizidi inchi 2 na 5/8 (karibu sentimita 6.7), na gongo la inchi 33 lisiwe na uzito chini ya aunsi 30, yaani kama gramu 850.

Njia ya kuchezea inayotumika sana kwa magongo ya kaboni ni kuyasonga kwenye roli. Gongo hubanwa kati ya roli mbili ngumu, kama muwa kwenye mashine ya kukamulia, likapitishwa mbele na nyuma, kisha likazungushwa kidogo na kubanwa tena mpaka tumbo lote, yaani sehemu nene ya kupigia, lipate shinikizo. Gundi inayoshika nyuzi hupata nyufa ndogo sana na ukuta unalegea. Ukibana kupita kiasi, au karibu na kifuniko cha ncha, gongo hupasuka. Hata likisalimika, umri wake umeshapunguzwa.

Njia ya pili ni kukereza ndani. Kifuniko cha ncha hung'olewa, ukuta hupunguzwa kwa mashine ya kerezo, kisha kifuniko hugandishwa tena. Hii hufanya kazi kwa alumini pia, ila ukuta uliokerezwa sana huingia mabonde au kupasuka mapema. Wengine huongeza uzito ndani ya ncha. Wapo pia wanaopaka gongo lisiloruhusiwa rangi na maandishi ya gongo halali.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Gongo la kaboni hulainika lenyewe kwa kupigiwa mipira. Mwaka 2009 NCAA ilipima magongo 25 ya kaboni yaliyotumika kwenye mashindano yake ya daraja la kwanza, na 20 yakavuka kikomo. Likafuata katazo la muda la magongo ya kaboni. Kushindwa kipimo, basi, hakuthibitishi kwamba mtu amedanganya, ingawa gongo huondolewa mchezoni vilevile. Siku hizi maabara hulisonga kwa makusudi gongo la kaboni kabla ya kuliidhinisha: likilainika, lipasuke kabla ya kuvuka 0.50.

Uwanjani hutumika kifaa kinachobana tumbo la gongo na kusoma ni nguvu kiasi gani inahitajika kulibonyeza. Likibonyea kirahisi mno, linakataliwa. Likipita, hubandikwa stika. Kifaa hiki hakioni uzito ulioongezwa kwenye ncha, kwa hiyo jicho bado linahitajika: mabaki ya gundi kwenye kifuniko, maandishi yaliyofutika kwa mistari iliyonyooka, au kitu kinachocheza ndani ukilitikisa.

Anayeumia kwanza ni mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira. Akishamaliza kurusha huwa yuko kama mita 16 au 17 kutoka kwa mpigaji, mwili ukiwa bado haujatulia. Mpira unaorudi kwa kilomita 160 kwa saa humfikia ndani ya sekunde 0.4 hivi. Kila kilomita inayoongezwa na ukuta uliolegezwa humpunguzia muda wa kuinua glovu mbele ya uso.