Figo ya shemeji haizai mtoto wa shemeji

Nimeulizwa tena, safari hii na dada mwenye shahada mbili: mume wake akipandikizwa figo ya kaka yake huyo dada, mtoto watakayempata baadaye atakuwa wa nani? Na wakienda kupima DNA kwa Mkemia Mkuu, si majibu yatamtaja mjomba?

Hayatamtaja. Mbegu za kiume zinatoka kwenye korodani, na korodani hatukuzigusa. Figo mpya tunaiweka chini ya tumbo, upande mmoja juu ya nyonga, za zamani mara nyingi tunaziacha palepale, tunaunga mishipa ya damu na mrija wa mkojo, tunafunga. Kila seli ya figo ile inabaki na vinasaba vya mchangiaji, na ikigawanyika inazaa nyingine ya mchangiaji. Dawa za kushusha kinga anazomeza kila siku zipo kwa sababu hiyohiyo. Vinasaba vingekuwa vinachanganyika, kinga ingegombana na nani?

Ila wenzangu nao wananiudhi wanapojibu, “DNA ya mchangiaji inabaki ndani ya figo, basi.” Haibaki. Figo inakuja na abiria, yaani seli nyeupe za mchangiaji, na baadhi hushuka na kulowea mwilini. Mwaka 1992 Thomas Starzl, daktari wa upandikizaji wa Pittsburgh, Marekani, na wenzake waliripoti seli za wachangiaji kwenye ngozi na tezi za watu waliokwisha kuishi miaka mingi na viungo vya kupandikizwa. Starzl aliona hizo ndizo zinazoufundisha mwili kuvumilia. Huenda. Huenda pia zimesalia kwa sababu mwili ulikuwa umeshavumilia. Ubishi huo haujaisha, hata kama vitabu vya wanafunzi vinauruka.

Halafu kuna vipande. Seli ikifa, DNA yake inakatikakatika na kumwagika kwenye plazima, yaani majimaji ya damu. Mwaka 1998 mtafiti Dennis Lo na wenzake walikuta kromosomu Y, ile ya kiume, kwenye plazima ya wanawake waliopewa figo au ini la mwanamume. Figo ikiwa imetulia, vipande vyake kwa kawaida havifiki asilimia 1 ya vyote vinavyoelea. Ini humwaga zaidi. Kinga ikianza kuishambulia figo, vinapanda, wakati mwingine kreatinini, taka ya damu tunayoipima kujua figo inachujaje, ikiwa bado haijatikisika. Na kwa kuwa vipande haviishi saa nyingi, majibu ni habari ya leo, si ya mwezi uliopita.

Hapo ndipo watu wanalewa na kipimo cha vipande hivyo. Jamani, ile ni asilimia! Mgonjwa akipata maambukizi makali, seli zake mwenyewe zinamwaga DNA nyingi, sehemu ya mchangiaji inaonekana kushuka, na daktari anapongeza figo ambayo hali yake haijabadilika hata kidogo. Upande mwingine, asilimia ikipanda inasema figo inaumia, haisemi inaumizwa na nani: kinga au kirusi kilichojificha ndani yake. Na kuna kukataliwa kwa kiwango kidogo ambako kipimo hiki hukipita bila kukiona. Bado sindano ya kuchukua kipande cha figo haijastaafu.

Mnaopenda vioja, mnacho kimoja cha kweli: binti wa Sydney aliyepandikizwa ini, taarifa yake ikachapishwa 2008. Seli za mchangiaji zilihamia kwenye uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na kundi lake la damu likageuka kutoka Rh hasi kuwa Rh chanya. Ni nadra mno, na ini linabeba abiria wengi kuliko figo. Msinitumie tena picha yake WhatsApp kama ushahidi wa figo.

Simulizi nyingi za “DNA ilibadilika” ni za waliopandikizwa uloto. Huko damu inageuka kweli kuwa ya mchangiaji, na hata pamba ya shavuni inatoa mchanganyiko, kwa sababu mate yana seli nyeupe. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Mtoto wa SS (aliyerithi kinasaba cha selimundu, S, kwa wazazi wote wawili) akipewa uloto wa ndugu yake mwenye AS (aliyerithi S moja tu, haumwi), kipimo cha himoglobini kitasoma AS. Mayai au mbegu zake bado zinabeba S tupu. Atakapokua, kila mtoto wake atarithi S moja kutoka kwake, hata kama yeye hajaumwa tena miaka yote hiyo. Kwa hiyo mchumba apimwe, na karatasi ya damu ya aliyepandikizwa msiisome kama ya kizazi chake.