"Atazoea tu": neno linalowaumiza wenye kisukari

Wiki hii nimelisikia mara tatu kliniki, na kila mara limetoka kwa ndugu aliyemsindikiza mgonjwa. Mzee aliyekuwa hafungi duka kabla ya magharibi sasa anashinda kitandani, hali na wenzake, simu hapokei. "Ni mawazo ya ugonjwa, daktari. Atazoea tu."

Hazoei. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha inayomnyima mtu furaha na hamu ya mambo yake, huwapata wenye kisukari takriban mara mbili kuliko wasio nacho, na isipotibiwa huharibu kila tunachojenga. Sukari ikiwa juu, mtu anaamka usiku mara nne, tano kukojoa. Kukicha hana nguvu. Miguu inawaka moto. Nguvu za kiume zinapungua, na hilo hamwambii mtu. Harusini haendi, amechoka kuulizwa mbona hali pilau. Mwisho anaruka dozi, sukari inapanda, na kortisoli, homoni ya msongo, inazidi kuipandisha. Halafu sisi wenye makoti meupe tunamgombeza kwamba hafuati masharti! Linanikera mno hili. Mtu akipoteza furaha au hamu ya mambo yake kwa wiki mbili, aulizwe. Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, lipo kwa Kiswahili, maswali tisa, dakika chache. La tisa ni la mawazo ya kufa au kujidhuru, na wengi huliruka kwa woga. Usiliruke. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo.

Yapo na maneno mengine ya ndugu. "Siku hizi mkali, kabadilika tabia." Pima kwanza, lawama baadaye. Sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L mtu hufoka, hutoka jasho, hutetemeka. Kama anaweza kumeza, mkorogee vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15.

"Ni upungufu wa imani." Ninao wagonjwa wasiokosa swala wala jumuiya, na wana sonona.

"Dawa zake ni za vichaa." Amitriptilini ni mojawapo ya dawa za sonona, na ndiyo hiyo hiyo tunayowaandikia wengi kwa dozi ndogo kutuliza miguu inayowaka. Kwa sonona huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha kazi, kwa hiyo usiiache siku ya tano.

Wagonjwa wangu wote nawaambia wachore safu moja zaidi kwenye daftari la sukari: leo moyo ukoje. Neno moja linatosha. Daftari likija na "mzito" siku kumi mfululizo, kabla ya kugusa dozi ya insulini nafunga mlango, tunakaa, tunazungumza.