Nani kakwambia Fury Road haina stori?

"Picha kali sana ila stori hakuna, wakosoaji walipagawa na moto na vumbi tu." Hii sentensi naisikia tangu 2015 na wiki hii imenifikia tena, safari hii kutoka kwa kijana anayejifunza kuediti, baada ya kumpa Mad Max: Fury Road akaiangalie nyumbani kwake. Mtu wa kawaida akisema hivo namwacha, kalipa hela yake, kaona alichoona. Lakini mtu anayetaka kula kwa kukata picha akiniambia muvi ile haina stori, ananiambia kwamba bado hajajua hii kazi ni kazi gani, na hapo kunyamaza siwezi.

Mimi naediti tamthilia na video za muziki, kwa hiyo yote ninayoandika hapa naandika kama mhariri, sio kama mtu wa chuo.

Tumalize haraka habari ya asilimia maana nayo inachanganya watu. Ile asilimia 97 ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wakosoaji, sio maksi. Ni kwamba kila wakosoaji 100, kama 97 hivi walisema inafaa, basi. Darasa la watu 100 wakifaulu 97 bado hujui wamefaulu kwa A au kwa C. Ukitaka kitu kinachofanana na wastani wa maksi nenda Metacritic, tovuti nyingine ya namna hiyo, kule ina 90 kati ya 100, na kwa muvi ya magari kukimbizana jangwani hiyo ni kubwa mno. Shirikisho la wakosoaji la kimataifa, FIPRESCI, likaipa tuzo yake kuu ya mwaka 2015, na National Board of Review ya Marekani ikaitaja muvi bora ya mwaka. Na msidhani sifa zilijaza kumbi, wiki yake ya kwanza Marekani ilishika namba mbili nyuma ya Pitch Perfect 2. Kwa hiyo hata hoja ya kwamba wakosoaji walifuata mkumbo wa watu haisimami, watu wenyewe walikuwa kwenye muvi ya waimbaji.

Sasa stori.

Anayesema haina stori ukimbana vizuri utagundua anamaanisha haina maongezi. Amezoea stori anayoisikia, mtu anakaa kwenye kochi anamwambia mwenzake "unakumbuka baba alipotutoroka" na sisi huku tunajua eti baba alitoroka. George Miller, dairekta wake, hakuiandika hii muvi kwa njia hiyo. Kabla ya skripti ya kawaida kulikuwa na storibodi, michoro kama 3,500, aliyoifanya na Brendan McCarthy na wachoraji wengine miaka mingi kabla kamera haijawashwa, na michoro ndo ilikuwa skripti. Miller mwenyewe hupenda kurudia maneno ya Hitchcock, dairekta maarufu wa zamani, kwamba alikuwa anajaribu kutengeneza muvi ambazo watu wa Japani hawatahitaji kusoma maandishi ya chini. Ukishajua hilo, kuilaumu kwamba watu wake hawaongei ni kuilaumu kwa kitu ilichokusudia.

Ngoja nichukue kitu kimoja tu, bunduki. Kwa ambaye hajaiona, Max ni mtu aliyetekwa jangwani, Furiosa ni dereva anayetoroka na lori akiwa na wanawake waliofungiwa na mtawala, na Nux ni kijana wa jeshi linalowafukuza. Baada ya ile dhoruba ya mchanga Max anaamka amefungwa mnyororo na yule kijana Nux, mnyororo na mpira wa damu, kwa sababu alikuwa anatumika kama chupa ya damu. Ana bunduki fupi ya kukatwa mtutu. Anaiweka kwenye mkono wa Nux ili aukate kwa risasi, anavuta, kimya. Risasi mbovu. Shoti fupi sana, ukipiga chafya imekupita. Basi anambeba Nux begani, mlango wa gari nao umo kwenye mnyororo, anatembea mpaka kwenye lile lori, anawakuta wale wanawake wananawa kwa mpira wa maji, na anawaelekezea bunduki ileile. Sisi tunajua haipigi. Yeye anajua haipigi. Wao hawajui. Hapo hakuna aliyesema neno lolote kuhusu bunduki, na tayari una wasiwasi wa aina ambayo waandishi wengine wanahitaji kurasa nne kuupata. Halafu Furiosa anamrukia, wanapigana, anaipata bunduki, anamwekea Max usoni, anavuta. Kimya tena. Kwa hiyo Furiosa ameshamuua Max. Kwa nia yake ameshamuua, kilichomwokoa ni risasi mbovu tu, na sisi tumeona kwamba huyu mwanamke hana mzaha. Baada ya muda Max anapata bastola inayopiga, Furiosa yuko chini pale mbele yake, na anapiga mchangani kuzunguka kichwa chake. Max alivutiwa bunduki usoni, lakini yeye hakuua.

Hiyo ni stori ya watu wawili, ina hatua tatu, na imekaa mikononi mwao yote.

Twende mbele, usiku, kwenye lile tope. Imebaki bunduki moja ndefu na risasi za kuhesabu. Max anapiga anakosa, anapiga tena anakosa, inabaki moja. Anaangalia, anampa Furiosa, na Furiosa anaiweka juu ya bega la Max anaipiga hapohapo karibu na sikio lake. Yule aliyemvutia bunduki usoni asubuhi sasa anamfanya bega lake kuwa mahali pa kuegemeza bunduki, na jamaa ametulia hapumui. Na katikati ya sini hizo mbili kuna habari ya zile swichi za lori, mwanzoni Max anajaribu kuliiba linamzimikia kwa sababu mpangilio wa kuliwasha anaujua Furiosa peke yake, baadaye Furiosa mwenyewe anamfundisha. Halafu damu, mwanzo inatolewa kwa nguvu, mwisho anaitoa mwenyewe kumwokoa Furiosa na ndo hapo anamtajia jina lake. Mtu aliyeanza muvi akiwa na chale mgongoni zinazosema kundi lake la damu ni O hasi, kama kibandiko cha dukani, anamaliza akiwa na jina. Kama hiyo sio stori mniambie stori ni nini.

Wakosoaji walioipa sifa wengi waliliona hili, au angalau waliona matokeo yake. Ukisoma walichoandika wakati ule, jambo linalojirudia ni kwamba kasi ni ya kutisha lakini hupotei, unajua nani yuko wapi na anataka nini. Hiyo sio sifa ya moto na vumbi. Hiyo ni sifa ya usimulizi, wakaitolea maelezo kwa lugha ya picha kwa sababu picha ndo zilizosimulia.

Na kutopotea huko kuna ufundi wake. Muvi ni kama dakika 120 na ina mikato kama 2,700, piga hesabu, ni chini ya sekunde tatu kwa kila shoti. Muvi ya pili ya Mad Max, ya 1981, ilikuwa na mikato kama 1,200. Sasa tatizo la kukata haraka sio haraka yenyewe, tatizo ni jicho. Kila unapokata, jicho la mtazamaji linaanza upya kutafuta cha kuangalia, na likikuta uso uko kona ya kushoto juu wakati shoti iliyopita mkono ulikuwa kulia chini, linatumia fremu kadhaa (zile picha mojamoja zinazounda video) kusafiri, na kama shoti ina fremu 20 tu umeshamwibia nusu yake. Fanya hivo mara kumi mfululizo mtu anachoka, anaona fujo. Miller alimwambia John Seale, mpiga picha mkuu, kila kitu muhimu kiwe katikati ya fremu. Pua, ngumi, mtutu, usukani, katikati. Jicho halisafiri, likifika shoti mpya cha kuangalia kiko palepale. Margaret Sixel, mhariri, akaweza kukata kwa ufupi ule kwa sababu kamera ilikuwa imemwandalia njia. Vijana wanachukua kasi yake wanaacha katikati, halafu wananiletea video ya ngoma yenye mikato mia na hamsini wanauliza mbona inaumiza kichwa.

Sixel kabla ya hapo hakuwa amewahi kuediti muvi ya mapigano. Miller, ambaye ni mume wake, alisema alimchagua kwa sababu hiyohiyo, ili isifanane na nyingine zote. Aliletewa kama saa 480 za picha. Ukiziangalia usiku na mchana bila kulala ni siku 20, na hapo hujakata hata fremu moja.

Sasa nije kwenye kitu kinachoniudhi kuliko hata hilo la stori, na hapa wakosoaji wenyewe wana lawama. "Kila kitu ni cha kweli, hakuna kompyuta." Hii ilisambazwa na sifa zilezile. Ni kweli magari yalijengwa, kama 150, ni kweli yalikimbia na kupinduka kwenye jangwa la Namib, Namibia, mwaka 2012, walikohamia baada ya mvua kuotesha maua Broken Hill kule Australia, ni kweli wale jamaa wa kwenye milingoti mirefu walikuwa watu hai wanayumba juu ya magari yanayotembea. Guy Norris na watu wake wa stanti, wale wa kuruka na kuanguka kwa hatari, wanastahili kila neno. Lakini muvi ile ina shoti kama 2,000 zilizopitia kwenye efekti za kompyuta. Elfu mbili! Dhoruba ya mchanga ni kompyuta kwa sehemu kubwa mno. Mkono wa Furiosa uliokatika, kompyuta, Charlize Theron ana mikono miwili. Kamba za usalama zimefutwa moja moja. Anga zimebadilishwa. Ule usiku wa bluu niliousema hapo juu ulipigwa mchana wa jua kali, wakaacha mwanga mwingi kupita kiasi kwa makusudi ili kivuli kisife, halafu wakaushusha na kuutia bluu wakati wa kazi ya rangi.

Kuna watu walikaa miezi kwenye viti wakifuta kamba fremu kwa fremu, na sifa waliyopata ni kuambiwa hawakuwepo. Inaniuma, naongea kama mtu anayefanya kazi ambayo ikifanywa vizuri haionekani. Na madhara yake yapo hadi leo, dairekta anakuja na kamera mbili anakwambia "tunataka ya kweli kama Fury Road, efekti hatuna haja," hana bajeti ya stanti, hana mtu wa kufuta waya, na usalama wa vijana wanaoruka hauko kwenye karatasi yoyote. Muvi ile ilichanganya, kitu cha kweli kinachukua uzito, vumbi na mwanga, kompyuta inaongeza kisichowezekana na kuficha kinachookoa maisha. Mkosoaji aliyeandika kwamba ni ya kweli kwa sababu aliihisi mwilini mwake, namwelewa. Ila angeuliza.

Oscar nazo zimechangia kuendeleza huu uongo wa stori. Iliteuliwa mara 10 ikachukua 6, uhariri, mavazi, mandhari, meki-apu na nywele, na mbili za sauti. Muvi bora ikaenda Spotlight, uongozaji ukaenda kwa Iñárritu, dairekta wa The Revenant. Na kwenye skripti haikuteuliwa kabisa. Yaani michoro 3,500 iliyopanga kila tendo la kila mhusika haikuhesabiwa kama uandishi, halafu watu wanaangalia ile orodha wanasema mnaona, tuzo zote za ufundi, stori haina.

Haya, yanayonisumbua mimi nayo niyaseme. Ule mtindo wa kuweka kila kitu katikati, nikiangalia sehemu ya mwisho nahisi jicho limechoka kwa namna nyingine, limezoea mno, halitafuti tena, na kuna fremu ambazo mpiga picha mwingine angezipanga kwa uzuri zaidi. Pia wamecheza na kasi, shoti nyingi haziendi kwa fremu 24 za kawaida, zimeharakishwa kidogo, nyingine zimepunguzwa, na kuna mahali mwanzoni Max anapokimbia kwenye mapango ule mrukoruko unanitoa kwenye muvi kabisa. Kuna siku naona ni sahihi maana ndo kichwa chake kilivyo, kuna siku naona wamezidisha. Sina jibu.

Na kubwa zaidi, hakuna mkosoaji anayeweza kuupima uhariri kwa haki, na mimi simo kwenye wanaoweza. Tunaona dakika 120, hatujaona zile saa 480. Hatujui shoti ipi nzuri zaidi iliachwa, sini gani ilikuwa imekufa akaifufua kwa kuazima jicho la mtu kutoka siku nyingine ya kupiga picha. Sixel naamini alistahili ile tuzo, ila naamini kwa kukisia kutokana na kazi yangu. Wangetoa sini moja tu ikiwa mbichi, ile ya maji na bunduki mbovu, shoti zote kama zilivyotoka kwenye kamera, wahariri tukaketi nazo mwezi mzima kila mmoja akate ya kwake. Hapo ndo tungebishana vizuri.