Je, Wajua Kwa Nini Mashabiki wa Disney Humfuatilia Mkurugenzi Mkuu kwa Jina?

Mtu anaweza kununua sabuni ya aina moja kwa miaka thelathini bila kujua ni nani anayeongoza kiwanda kinachoitengeneza, wala asihisi kwamba amepungukiwa na kitu. Shabiki wa Disney hayuko hivyo. Atakutajia wakurugenzi wakuu Ron Miller, Michael Eisner, Bob Iger na Bob Chapek kwa mfuatano wa miaka, akueleze kila mmoja alijenga nini na alifunga nini. Ukimsikiliza hadi mwisho utatambua kwamba hoja zake hazihusu sana bei ya hisa, bali rangi iliyobambuka kwenye ukuta wa jumba fulani katika bustani za burudani za kampuni, mashine iliyosimama muda mrefu bila kutengenezwa, na huduma iliyokuwa bure ambayo sasa hulipiwa. Kwa nini watu ambao kampuni inawahesabu kuwa wateja tu huuchunguza uongozi wake kwa makini kiasi hiki?

Jibu linaanzia kwenye televisheni. Kampuni hii ilianzishwa Los Angeles tarehe 16 Oktoba 1923 na ndugu wawili, Walt na Roy Disney, na kwa miaka thelathini ya mwanzo ilijulikana kwa katuni na filamu. Walt alipotaka kujenga bustani ya burudani huko Anaheim, California, fedha hazikutosha, na aliyejitokeza kumsaidia alikuwa mtandao wa televisheni wa ABC. ABC iliwekeza dola 500,000, ikadhamini mkopo wa dola milioni 4.5, ikapata zaidi ya theluthi moja ya umiliki wa bustani na, juu ya hayo, kipindi cha kila wiki kilichoanza Oktoba 1954. Kipindi hicho kiliitwa Disneyland, jina lile lile la bustani, na mwenyeji wake alikuwa Walt mwenyewe. Kwa hiyo, miezi mingi kabla ya milango kufunguliwa tarehe 17 Julai 1955, familia za Marekani zilikuwa zimeshamzoea mwenye mali akiingia sebuleni mwao kila wiki, akiwaonyesha michoro na kuwaeleza kinachojengwa na sababu ya kukijenga. Ahadi waliyoipokea ilitoka kinywani mwa mtu waliyemjua kwa sura na sauti, na ahadi ya namna hiyo haihesabiwi kama tangazo la kampuni.

Walt alifariki tarehe 15 Desemba 1966. Roy, aliyekuwa karibu kustaafu, aliahirisha mapumziko yake ili aikamilishe bustani ya Florida, akasisitiza kwamba iitwe Walt Disney World ili jina la ndugu yake lisisahaulike, akaifungua tarehe 1 Oktoba 1971, naye akafariki tarehe 20 Desemba mwaka huo huo. Tangu hapo kila kiongozi amepimwa kwa kipimo cha marehemu ambaye hawezi tena kukosea. Naona kipimo hicho kina dhuluma ndani yake, lakini kampuni yenyewe ndiyo inayokiweka hai: katika Disneyland, mbele ya kasri, imesimama tangu 1993 sanamu ya Walt akiwa amemshika mkono Mickey Mouse. Mgeni anayepita hapo kila mwaka hawezi kulaumiwa akiuliza kama wanaoketi leo kwenye kiti cha Walt wanafanya ambacho yeye angefanya.

Mwaka 1984 ulionyesha jinsi kiti hicho kinavyotikisika. Ron Miller, mkwe wa Walt, alikuwa akiongoza kampuni iliyodhoofika katika filamu, na mfanyabiashara Saul Steinberg akanunua hisa nyingi kwa nia ya kuitwaa, hata kampuni ikalazimika kuzinunua tena hisa hizo ili aondoke. Septemba mwaka huo Miller aliondoka, wakaingia Michael Eisner kama mkurugenzi mkuu na Frank Wells kama rais wa kampuni. Mashabiki wengi huikumbuka miaka kumi iliyofuata kwa upendo mkubwa, na huuweka mpaka wake tarehe 3 Aprili 1994, siku ambayo Wells alifariki katika ajali ya helikopta. Kwa simulizi lao, Eisner alikuwa mwenye ndoto na Wells ndiye aliyezipima. Mmoja alipotoweka, mwingine akabaki na woga wa gharama. Simulizi hilo ni rahisi kupita kiasi, kwa kuwa Euro Disney, iliyofunguliwa karibu na Paris tarehe 12 Aprili 1992, ilikuwa imekwisha kuleta hasara kubwa Wells akiwa bado hai. Hata hivyo, kilichofuata kiliwapa mashabiki ushahidi ambao ni vigumu kuupuuza.

Tarehe 8 Februari 2001 kampuni ilifungua Disney California Adventure, bustani ya pili ya Anaheim, mahali palipokuwa maegesho ya magari ya Disneyland. Ilikuwa na vivutio vichache, baadhi vikiwa mashine za kawaida za maonyesho ya mitaani zilizopambwa kidogo, na mada yake ilikuwa California yenyewe, kana kwamba watu wa California walihitaji kulipa kiingilio ili waonyeshwe jimbo lao. Miezi saba baadaye, tarehe 4 Septemba 2001, ikafunguliwa Tokyo DisneySea, ambayo hadi leo mashabiki wengi huitaja kuwa bustani nzuri kuliko zote zenye jina la Disney. Wabunifu wa bustani hizo mbili walitoka katika idara moja. Tofauti ilikuwa kwa mwenye mfuko: bustani za Tokyo humilikiwa na kampuni ya Kijapani, Oriental Land, ambayo huilipa Disney kwa kutumia jina na ubunifu wake, na ambayo iliamua kugharimia kazi kamili. Hapa ndipo naona chimbuko la hoja yote ya mashabiki kuhusu uongozi. Walipoona kwamba mikono ile ile inaweza kuzaa matunda mawili yasiyofanana ndani ya mwaka mmoja, waliacha kuwalaumu wabunifu wakaanza kumtazama anayeidhinisha bajeti.

Kuna na suala zito zaidi ya uzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wageni wa mara kwa mara wa Disneyland walilalamika kwamba matengenezo yamelegea: taa zisizobadilishwa, mbao zilizooza, rangi iliyochakaa. Ilikuwa rahisi kuwaona kuwa watu wa kulalamikia mambo madogo. Kisha, tarehe 5 Septemba 2003, gari la Big Thunder Mountain Railroad, treni ya burudani ya Disneyland, liliacha njia, abiria mmoja kijana akafa na wengine wakajeruhiwa, na wachunguzi wa jimbo wakasema kwamba kazi ya matengenezo haikufanywa ipasavyo. Siwezi kusema kwamba taa iliyozimika ilitabiri kifo. Ninachosema ni kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliokuwa wakikilalia kitanda hicho wiki baada ya wiki waliona jambo ambalo halikuonekana katika taarifa za fedha.

Karibu miezi mitatu baadaye, tarehe 30 Novemba 2003, Roy E. Disney, mtoto wa Roy, alijiuzulu katika bodi ya wakurugenzi kwa barua kali iliyosema kwamba kampuni imeanza kuonekana kuwa na uchu wa faida ya haraka na kukosa roho. Pamoja na Stanley Gold, aliyekuwa mjumbe mwenzake wa bodi, akaanzisha kampeni ya SaveDisney, na mashabiki wakapata kitu ambacho mashabiki wa kampuni nyingine hawana kwa kawaida, yaani sauti katika mkutano wa wanahisa. Ikumbukwe kwamba kwa miaka mingi cheti cha hisa cha Disney kilichapishwa kwa picha za wahusika wa katuni, familia zikiwanunulia watoto hisa moja na kuiweka kwenye fremu ukutani, desturi iliyoendelea hadi kampuni ilipoacha kutoa vyeti vya kawaida vya karatasi mwaka 2013. Kura za watu kama hao ni chache zikilinganishwa na za mifuko mikubwa ya uwekezaji, lakini kelele zao zilisikika. Katika mkutano wa Philadelphia, tarehe 3 Machi 2004, asilimia 43 ya kura hazikumuunga mkono Eisner, na siku hiyo hiyo akapoteza uenyekiti wa bodi. Mwaka uliofuata Iger akachukua ukurugenzi mkuu.

Iger alinunua kampuni za burudani za Pixar mwaka 2006, Marvel mwaka 2009 na Lucasfilm mwaka 2012, na magazeti ya biashara yalimsifu hasa kwa ununuzi huo. Mashabiki wa bustani walimsifu kwa jambo jingine, kwamba alikiri kwa vitendo kosa la California Adventure, akatumia zaidi ya dola bilioni moja kuijenga upya, ikazinduliwa tena Juni 2012. Ni kampuni ile ile na kiongozi yule yule, lakini wanaomtazama wamesimama mahali pawili.

Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kabisa wakati wa Bob Chapek, aliyekuwa mkuu wa bustani kabla ya kupewa ukurugenzi mkuu tarehe 25 Februari 2020. Hazikupita wiki tatu bustani zikafungwa kwa sababu ya korona, na Disneyland haikufunguliwa tena hadi tarehe 30 Aprili 2021. Wageni waliporudi walikuta utaratibu wa kuweka nafasi mapema hata kwa mwenye tiketi. Kufikia mwisho wa 2021 FastPass, iliyowawezesha tangu 1999 kuepuka foleni ndefu bila malipo, ilikuwa imebadilishwa kuwa huduma ya Genie+, iliyoanza kwa dola 15 kwa siku kwa kila mtu huko Florida na dola 20 huko California. Novemba mwaka huo afisa mkuu wa fedha aliwaambia wawekezaji kwamba kampuni inaweza kupunguza kiasi cha chakula kwenye sahani, akaongeza kwamba huenda hilo likawafaa baadhi ya watu kiunoni. Sidhani kama kuna sentensi iliyowaumiza mashabiki kuliko hiyo, kwa sababu iliwafanya waamini kwamba wanapozungumzwa bila kuwepo hawaheshimiwi.

Chapek aliondolewa tarehe 20 Novemba 2022 na Iger akarudishwa. Mashabiki walishangilia, na Januari 2023 maegesho ya usiku yakarudi kuwa bure kwenye hoteli za Disney za Florida. Lakini kwa nionavyo mimi, hapa ndipo hukumu yao ilipopotoka. Iliyomwangusha Chapek zaidi ilikuwa huduma ya video ya intaneti, iliyopoteza takriban dola bilioni 1.5 katika robo moja ya mwaka huo, na wala si malalamiko ya bustani. Malipo ya kuepuka foleni hayakuondoka pamoja naye: Julai 2024 yalibadilishwa jina, na Oktoba mwaka huo Disneyland ikaanza kuuza pasi ya juu zaidi kwa dola 400 kwa mtu kwa siku. Shabiki akimtwika kiongozi mmoja mzigo wote, humsamehe anayemfuata kwa makosa yale yale.

Ukitazama hesabu utaelewa kwa nini bei hazishuki. Katika mwaka wa fedha wa 2024, idara inayojumuisha bustani, meli za utalii na bidhaa iliingiza faida ya uendeshaji ya karibu dola bilioni 9.3, kati ya takriban bilioni 15.6 za idara zote. Shabiki anayesema kwamba tiketi yake imelipia hasara ya filamu na video hajakosea sana, ingawa ni kweli pia kwamba mwaka 2023 kampuni ilitangaza kuwekeza takriban dola bilioni 60 katika bustani na meli ndani ya miaka kumi.

Mashabiki pia huvitilia shaka vyombo vya habari, na shaka hiyo ina msingi wa kihistoria. Televisheni iliyoirusha hewani siku ya kwanza ya Disneyland ilikuwa na hisa ndani ya bustani hiyo, na tangu 1996 mambo yamegeuka, ABC pamoja na idara yake ya habari ikimilikiwa na Disney. Mwaka 2017, baada ya Los Angeles Times kuchapisha makala kuhusu manufaa ambayo kampuni ilipata kutoka kwa jiji la Anaheim, Disney iliwazuia waandishi wa gazeti hilo kuona filamu zake kabla ya kutoka. Vyama vinne vya wahakiki vikatangaza kutozipa filamu za kampuni tuzo zao, na tarehe 7 Novemba zuio likaondolewa. Wanaotangaza habari za bustani peke yao nao hualikwa kwenye uzinduzi kwa hiari ya kampuni, na kila mwalikwa anajua kwamba mwaliko unaweza kukoma. Ndiyo maana mashabiki wakongwe humwamini zaidi anayejinunulia tiketi.

Hata hivyo, mashabiki hao wana udhaifu wao, nao ni kulinganisha kila badiliko na utoto wao. Walt alisema kwamba Disneyland haitakamilika kamwe, lakini mwaka 1998 watu waliandamana ndani ya Magic Kingdom, bustani ya kwanza ya Florida, kutetea kivutio cha Mr. Toad kisifungwe, na hakikuokolewa. Julai 2025 ulifungwa mto wa Rivers of America wa bustani hiyo hiyo, pamoja na kisiwa chake na meli ya magurudumu, ili kupisha eneo la filamu ya katuni ya Cars. Mto huo ulikuwapo tangu mwaka wa kwanza, 1971. Taarifa za biashara ziliandika juu ya upanuzi. Watu waliopanga foleni kupanda meli kwa mara ya mwisho walikuwa wakiulizana ni nani aliyetia saini.