Je, wajua kwa nini chanjo ya bega hutunga usaha wiki sita baadaye?

Mpwa wangu alizaliwa hapa Dodoma, akachomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, bega la kulia kabla mama yake hajaruhusiwa kurudi nyumbani Ipagala. Kalengelenge kadogo kalitokea, kakapotea ndani ya nusu saa, tukasahau. Wiki ya tatu kikachomoza kipele. Ya sita kikapasuka, usaha ukatoka. Mimi, mjomba mtu, niliyesoma baiolojia mpaka kidato cha nne, nikatoa hukumu palepale sebuleni: sindano ilikuwa chafu.

Haikuwa chafu, na kalenda peke yake ingetosha kunionya. Uchafu ukiingia na sindano haungoji mwezi na nusu. Ndani ya siku chache pale pamevimba, pana joto, na mtoto anapiga kelele ukimgusa. Huyu alikuwa ananyonya na kucheka huku bega linachuruzika. Kilichonipoteza zaidi ni siku yenyewe. Wiki ya sita ndipo mtoto hurudishwa kliniki kwa pentavalenti, sindano ya paja ya kukinga magonjwa matano, ambayo huweza kuvimbisha na kuleta homa usiku uleule. Bega na paja vikalalamika wiki moja, nami nikavipa mkosaji mmoja. Kumbe ni mambo mawili. Chanjo ya paja haina kidudu hai; ina chumvi ya alumini inayoukera mwili makusudi ili uamke. Uvimbe wake aghalabu hupoa baada ya siku chache, ingawa kigumu kidogo huweza kubaki.

BCG ina bakteria hai. Albert Calmette na Camille Guérin, ambao ndio C na G za jina hilo, walimchukua ndugu wa bakteria wa kifua kikuu anayewaambukiza ng'ombe, wakamfuga kule Lille, Ufaransa, kuanzia 1908 hadi 1921. Walimhamisha mara 230 juu ya viazi vilivyopikwa na nyongo ya ng'ombe, mpaka ukali ukamtoka. Ndiyo, viazi na nyongo.

Aliyebaki ni mpole, tena mzembe. Bakteria wa kawaida wa tumboni, akipata chakula cha kutosha, huweza kujigawa kila baada ya dakika 20. Huyu huchukua karibu siku nzima.

Sasa fikiria kijiji fulani kule Bahi. Wageni wachache wameingia kimya, wamepanga vyumba, hawaibi wala hawagombi. Mgambo anayepita, yaani chembe walaji wa kwenye ngozi, anawameza lakini hawezi kuwasaga. Anachofanya ni kubeba kipande cha mgeni mpaka ofisi ya mtendaji, ambayo ni tezi za kwapani. Pale inabidi atafutwe askari, yaani chembe nyeupe ya damu, anayeitambua sura hiyo hasa. Wapo wachache mno, kwa hiyo akipatikana sharti azaliane kwanza awe kikosi. Hapo ndipo wiki zinapokwenda. Kikosi kikirudi begani, wageni nao wameongezeka, na kinachofuata ni mzingiro: askari wanajazana, nyama ya katikati inakufa, inayeyuka, inatafuta njia ya kutokea. Huo ndio usaha. Kufikia mwezi wa tatu hivi kidonda kimekauka na mwili umeziba shimo kwa nyuzi ngumu, kama udongo mpya uliobandikwa kwenye ukuta wa tembe la zamani. Ukuta umepona, ila kiraka kinaonekana.

Kwamba saa inayohesabiwa ni ya askari, si ya sindano, inaonekana kwa mtu aliyekwisha kuambukizwa kifua kikuu: akichomwa BCG, kwake ngozi huwaka ndani ya siku chache tu, maana kikosi kilikuwa tayari. Robert Koch aliona jambo kama hilo kwa simbilisi mwishoni mwa karne ya 19.

Kwa hiyo usikamue, usipake dawa ya meno, wala majani aliyoshauri jirani. Maji safi na hewa vinatosha. Lakini si kila kidonda cha BCG ni cha kupuuzwa. Kikikawia kupona kwa miezi, au tezi ya kwapani ikivimba sana na kutoboka, mpeleke mtoto kituoni, na mapema zaidi kama ana VVU.

Kuhusu kovu lenyewe, niseme kwa tahadhari. Wapo watoto wasiopata kovu, na hilo halithibitishi kwamba chanjo haikushika. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kukosa kovu si sababu ya kurudia sindano. Kuwa nalo pia si hati ya kinga. BCG huwakinga vizuri watoto wadogo dhidi ya kifua kikuu kinachopanda kwenye utando wa ubongo, lakini kwa mapafu ya watu wazima matokeo yametofautiana sana nchi hadi nchi.

Bibi yake mtoto alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta mkono wa gauni na kunionyesha kovu pana la chanjo ya ndui, ugonjwa uliotangazwa kutokomezwa mwaka 1980. Nikafunua langu la begani kulinganisha. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia watu kwamba na langu ni la ndui. Nimezaliwa 1988.