"Kukaa kipupwe" kwenye Ncha ya Kusini maana yake nini?

Pwani yetu kipupwe ni Juni hadi Agosti, baridi ya kuvaa sweta alfajiri na kulivua kabla ya adhuhuri. Miezi hiyohiyo, kwenye kituo cha Amundsen-Scott ambacho Marekani ilikijenga palepale kwenye Ncha ya Kusini, baridi huwa nyuzi 60 hivi chini ya sifuri. Tarehe 23 Juni 1982 ilifika nyuzi 82.8 chini ya sifuri. Watu arobaini na kitu hubaki huko. Wenyewe hujiita wintaova. Mimi nitasema wanakaa kipupwe, kwa "kukaa" ileile ya kukaa eda au kukaa jandoni: ukishaingia, hutoki mpaka muda wako uishe.

Wengi wakisikia habari hizi hudhani sifa ya watu hao ni kustahimili baridi. Lakini baridi huko haina likizo. Hata Januari, katikati ya kiangazi chao, ni nyuzi karibu 28 chini ya sifuri, na watu kama 150 wanapiga kazi kama kawaida. Kinachowatenga wa kiangazi na wa kipupwe ni ndege. Katikati ya Februari ndege ya mwisho huondoka, kwa sababu yale madege makubwa ya LC-130 yanayotua kwa skii, yaani vyombo virefu bapa vya kutelezea juu ya theluji, hayaendeshwi baridi ikipita nyuzi 50 hivi chini ya sifuri. Mafuta yenyewe huanza kuwa mazito. Ndege nyingine ya kutegemewa ni mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Ni miezi minane na zaidi. Ukiugua, ukifiwa, ukigombana na wa chumba cha pili, upo palepale.

Mwaka 1999 aliyeugua alikuwa daktari mwenyewe, Jerri Nielsen, naye alikuwa daktari pekee kituoni. Alijipapasa akakuta uvimbe kwenye titi. Ilibidi achukue kipimo mwilini mwake kwa sindano, akisaidiwa na wenzake wasio waganga ambao walijizoeza kwanza kuchoma sindano kwenye nyama mbichi ya kuku. Julai ndege ilipita juu, ikadondosha dawa za saratani kwenye giza bila kutua. Yeye alichukuliwa Oktoba. Zipo safari za dharura zilizofika katikati ya kipupwe, kama ile ya Juni 2016, ndege ndogo ya Twin Otter kutoka Kanada ilipowatoa wagonjwa wawili, ila hakuna anayepanga maisha yake kwa kuzitegemea.

Ndiyo maana maandalizi huanza kwenye kiti cha daktari wa meno. Jino bovu ambalo nyumbani ungelisogezea mwisho wa mwezi, huku ni sababu ya kukataliwa. Hupimwa mwili, kisha hupimwa akili: maswali marefu, halafu mazungumzo na mwanasaikolojia. Baada ya hapo huja mafunzo ya zimamoto, na kwa miaka mingi watu wa kituo hiki wamekuwa wakifunzwa huko Colorado, Marekani, wakivaa mitungi ya hewa na kutambaa ndani ya moshi. Mtu anaweza kushangaa, moto kwenye barafu? Ndicho kitu wanachokiogopa kuliko vyote. Hewa ni kavu mno, maji ni ya kuyeyusha, na nyumba ikiungua hakuna jirani wa kukimbilia. Kikosi cha zimamoto ni mpishi, fundi bomba, karani wa stoo na mnajimu wa darubini. King'ora kikilia saa nane za usiku, wote hao huruka kitandani, kila mtu na nafasi yake.

Maji yenyewe hupatikana kwa kutoboa barafu na kuzungusha maji ya moto chini kabisa, mpaka linajengeka ziwa dogo ambalo pampu hulivuta. Kila lita imelipiwa kwa mafuta yaliyoletwa kutoka mbali. Kwa hiyo kuoga ni mara mbili kwa wiki, dakika mbili za maji kila mara: jiloweshe, funga, jisugue, fungua, suuza. Usafi wa vyoo na korido ni kwa zamu, na mwanasayansi mwenye shahada zake hashiki ufagio kwa hiari, zamu imemfikia. Kuna chumba kidogo cha kuotesha mboga kwa taa, bila udongo, na nadhani majani ya saladi hayajawahi kuheshimiwa hivyo popote duniani.

Jua huzama mara moja tu, karibu na tarehe 21 Machi, na kuchomoza mara moja, Septemba. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili, saa kumi na mbili asubuhi huko hufika mara moja kwa mwaka. Wao hufuata saa ya New Zealand, basi. Madirisha huzibwa kwa maboksi ili mwanga wa ndani usiharibu vipimo vya anga, na anayekwenda kazini kwenye majengo ya darubini, kama kilomita moja, hufuata mstari wa vibendera vilivyofungwa kwenye fito za mianzi, kimoja hadi kingine, kope zikigandana kwa pumzi yake mwenyewe.

Kufikia Agosti watu huwa "tosti". Neno ni la kwao, na ni la utani nusu. Mtu anaingia jikoni, anasimama katikati na kikombe mkononi, hajui alifuata nini. Anaanza sentensi, anaiacha njiani, na aliyekuwa akimsikiliza naye hakugundua. Wataalamu wameona kwamba homoni za tezi ya shingoni hubadilika kwa wanaokaa muda mrefu kwenye baridi na giza la namna hiyo, kwa hiyo si uvivu wala si visingizio.

Septemba maboksi hubanduliwa, jua linatambaa ukingoni siku kadhaa kabla halijatoka zima, na watu husimama dirishani kulitazama. Kipupwe bado hakijaisha. Kinahesabiwa kwa ndege, na ndege bado wiki tano au sita.